Mjomba Wetu wa Sosholojia

Ukitaka kumkera Asistanti, mwambie kwamba watu wanasema. Haikujalisha wanasema nini: kwamba bei ya kakao imeshuka, kwamba waasi wameonekana upande wa mto, kwamba padri anahamishwa. Angevua miwani, aifute kwa ncha ya koti lake la kahawia, kisha aulize kwa sauti ya chini, "Batu gani? Beko wangapi? Na weye mwenyewe, ulionaka?" Ukikiri kwamba hukuona, mazungumzo yamekwisha. Nimemshuhudia akimnyamazisha mkuu wa idara kwa maswali hayo mbele ya wanafunzi, na sikumwonea mkuu wa idara huruma hata kidogo.

Tulimwita Asistanti kwa sababu ndicho kilikuwa cheo chake, mwalimu msaidizi wa chuo, na cheo kilimganda. Wenzake walipanda wakawa maprofesa, wakanunua magari, wakaanza kuchelewa darasani. Yeye alibaki na tasnifu ya udaktari iliyokuwa karibu kwisha tangu kabla mimi sijafika Butembo, mji wa milimani mashariki mwa Kongo. Wauza mikate wa Mususa, mtaani kwake, walimwita Asistanti, na mke wake pia, kukiwa na wageni. Ukimwita Profeseri alidhani unamdhihaki, na mara nyingi alikuwa amedhani sawasawa.

Mimi nilitoka Beni, huko chini kwenye joto, mtaa wa Beu. Babu yangu mzaa baba alikuja na biashara kutoka Maniema, na baba alikuwa na lori lililopandisha mbao na kakao na kushusha viazi na maharagwe. Butembo nilikwenda kusomea sheria. Nafasi za sheria zilikuwa zimejaa, nikasukumiwa sosholojia kama mtu anavyopewa viatu visivyo vya saizi yake. Nilikaa nyuma, kilemba cha binti wa Kiislamu kimenifunika hadi kwenye nyusi, nimenuna. Sikujua hata hilo somo linahusu nini, na sikuona haja ya kujua.

Somo la kwanza lilifanyika siku moja baada ya ville morte. Mtu asiyetoka kwetu nimweleze: watu wakiuawa mashambani na serikali ikikaa kimya, mji hujifunga wenyewe. Maduka hayafunguliwi, pikipiki hazibebi abiria, vijana hulaza miti barabarani. Asistanti aliingia, hakujitambulisha, akauliza jana tulikuwa wapi. Kisha akasema kuna wageni watatu wamefika Butembo siku ya ville morte, na kila mmoja anatazama mji ule ule uliofungwa.

"Mugeni wa kwanza anauliza: hii nyumba inasimama namna gani? Anaona maduka yote imefungwa, hata ya wale hawapendi kufunga. Anasema, aah, donc kufunga kuko na kazi yake. Batu banaomboleza pamoja, banajijua kama ni bamoja. Mugeni wa pili anacheka. Anauliza: nani anakula nyama, nani anakula mufupa? Mwenye depo anaweza kufunga juma nzima, anakula tu. Mama wa makayabu, ule wa samaki ya chumvi, akifunga siku moja, batoto balale njaa. Donc ville morte ya nani?"

Mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu mgeni wa tatu.

"Ule hana haraka. Anaingia kwa boutique yenye mulango nusu wazi. Anaona mununuzi anapita kimya, muuzaji anamupimia sukari, na wote wawili banafanya kama duka imefungwa. Hakuna mwenye aliwaambia bafanye vile. Anajiuliza: hii 'kufungwa', batu banaitengeneza namna gani kati yao, kwa macho tu na kwa salamu?"

Baadaye tulipewa majina ya Kifaransa ya wageni hao, fonctionnalisme, théorie du conflit, interactionnisme, pamoja na picha za wazee wa Ulaya wenye ndevu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvutwa. Nilirudi nyumbani kwa shangazi nikamtazama akigawa chakula, nani anapewa kwanza, nani anasubiri, nani anajifanya ameshiba, nikaona kumbe nilikuwa nimekaa kipofu miaka yote. Asistanti alionya tusimpende mmoja wa hao wageni kupita kiasi. Kila mmoja akiachwa peke yake, alisema, atakudanganya kwa adabu.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mikanganyiko, tena hakuificha vizuri. Aliweza kuzungumza asubuhi nzima juu ya nani anamkandamiza nani, halafu akikutana na mwanajeshi hata wa cheo cha chini kabisa, kofia ilikuwa imeshatoka kichwani kabla hajafikiri. Alisema mazishi ni mahali ambapo mji unajihesabu, akayachambua bila huruma, nani kakaa mbele, nani kapewa kiti cha plastiki na nani benchi. Lakini hakukosa mazishi hata moja ya mtaani kwake, na alilia kwa sauti, kamasi na yote. Nilimuuliza siku moja analia kama mgeni wa ngapi. Alikasirika, akanipa alama mbaya katika zoezi lililofuata, na hadi leo naamini vitu hivyo viwili vilihusiana.

Alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima, maana kwetu mtu asiyeogopa ni mtu asiyejua anaishi wapi. Alipotutuma kwenda kutazama watu sokoni au kwenye vituo vya pikipiki, alitukataza kubeba kalamu. Mtu anayeandika hadharani Butembo huulizwa anamwandikia nani, na jibu lolote linaweza kuwa baya. "Tazama, rudi, useme," ndiyo ilikuwa amri. Tulisimama mbele ya darasa tukisimulia kwa kichwa, naye alikatiza kila tulipoteleza. Ukisema yule mama alikuwa na hasira, alitaka kujua umeonaje hasira: mkono ulifanya nini, sauti ilipanda wapi. Ukisema yule mtu alikuwa mgeni, hapo alisimama kabisa kutoka kitini.

"Mugeni si rangi. Mugeni si nguo. Mugeni ni kitu wale bengine bamekubaliana. Ulisikia bakikubaliana? Uliona wapi?"

Nilifurahia hilo kuliko wengine, kwa sababu zangu. Katika miaka ile, ukisema Beni, macho ya watu yalibadilika. Ukisema Beni na una kilemba, yalibadilika zaidi. Waasi waliokuwa wakichinja watu mashambani walijiita Waislamu, na sisi tuliokuwa Waislamu tangu babu zetu, tuliozikwa pamoja na majirani zetu na tuliouawa na waasi hao hao, tukawa watu wa kueleza tena na tena sisi ni nani. Darasani kwa Asistanti sikuhitaji kueleza. Nilimpenda kwa hilo, ingawa nisingemwambia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimekuwa nikiizunguka.

Mdogo wangu Idi alikuwa amepandisha lori la baba. Ville morte ilitangazwa usiku akiwa tayari Butembo, na asubuhi aliacha gari limeegeshwa akaenda Mususa kutafuta kitu cha kula. Kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ilibaki ndani ya gari. Kwenye bariyeri ya vijana, mti wa mkaratusi uliolazwa barabarani karibu na gereji, wakamuuliza anaitwa nani na anatoka wapi. Alijibu ukweli, kwa lafudhi yake ya Beni. Wiki iliyotangulia, kijana ambaye hakuna aliyemfahamu alikuwa ameuawa pale pale. Alama nyeusi ya moto ilikuwa bado kwenye lami.

Mwendesha pikipiki aliyenifahamu ndiye aliyekuja kunigongea. Nilikimbia nikamkuta Idi amekalishwa chini, mdomo unatoka damu, mikono imefungwa kwa mshipi wake mwenyewe. Tairi lilikuwa limelazwa kando yake. Niliwaambia ni ndugu yangu, tumbo moja. Mmoja wao, kijana mwembamba aliyevaa jezi, alikitazama kilemba changu kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele.

"Na weye ni wa kule kule," alisema. "Nani anakujua weye?"

Nilikuwa nimeishi mji ule miaka, lakini pale sikuona uso hata mmoja wa kuuelekeza kidole. Asistanti aliishi mitaa michache kutoka pale. Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka nilimkuta ananyoa, povu kwenye shavu moja, na kwamba hakuuliza nani aliona. Alijifuta, akachukua koti, akanifuata, na njiani nilisikia akipumua kama mtu anayepanda mlima.

Vijana walimfahamu. Wawili au watatu walikuwa wamepita darasani kwake. Aliwasalimu kwa Kinande, lugha ya wenyeji, mmoja mmoja, polepole mno, nami nikatamani kumsukuma. Yule wa jezi akamkata.

"Asistanti, tunakuheshimia. Sema tu: huyu unamujua?"

Hakuwa amemwona Idi hata siku moja. Mtu aliyeninyima alama kwa sababu nilisema mama wa sokoni alikuwa na hasira, huyo ndiye aliyeulizwa.

"Namujua. Ni mutoto ya dada yangu. Dada yangu aliolewa kwa Baislamu ya Beni."

"Jina yake nani?"

Hapo ndipo alipokosea. Sikuwa nimemtajia jina. Nilikuwa nimesema tu mdogo wangu, mdogo wangu. Naye alijibu kama Mnande yeyote angejibu mdomo ukiwa umekauka, jina lililo karibu kuliko yote.

"Kambale."

"Mais, yeye anasema anaitwaka Idi."

"Idi ni ya musikiti. Kwa nyumba ni Kambale."

Kwa Wanande, mtoto hupata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, na kuendelea hivyo, hata jina peke yake linakuambia mama amezaa wangapi. Idi ni mvulana pekee kwa mama yetu. Asistanti alikuwa amempa mama yangu mwana mkubwa asiyekuwepo, na kila mtu pale alijua hesabu hiyo kuliko anavyojua sala. Yule wa jezi aliinama kwa Idi, uso kwa uso.

"Kama weye ni Kambale, Paluku yenu iko wapi?"

Niliona Asistanti anafumba macho. Mimi singeweza kujibu, ningemjibia wangejua tunadanganya. Idi aliinua kichwa. Alikuwa amekua na watoto wa Kinande mtaani Beu, amecheza nao mpira, amezika nao. Alisema bila kusita, na damu inamtoka:

"Paluku alikufaka. Alikuwa mutoto bado."

Kisha mtu mmoja, mwanamke mzima aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na ungo, akasema pole. Akasema kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili, akaongeza kwamba naye Paluku wake alikufa mdogo. Neno hilo moja liliwalegeza. Huwezi kumpa mtu pole halafu ukamchoma, angalau si kwa haraka. Mshipi ukafunguliwa. Asistanti alimshika Idi mkono kama anayemkemea mtoto wake kwa kutembea bila kitambulisho, tukaondoka hatujageuka nyuma. Alipofika kwake alitapika kwenye maua ya mke wake.

Wiki iliyofuata nilisubiri alizungumze darasani. Lilikuwa jambo la mgeni wa tatu kabisa: namna watu wanavyokubaliana nani ni wao, kwa swali na jibu, kwa pole. Hakuligusa. Nilipomfuata nje nikaanza kumshukuru, alisema, "Mademoiselle, utasoma chapitre ya nne," akaenda zake. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilimtetea kila mahali kwa unyenyekevu huo.

Lakini uongo uliosemwa hadharani Butembo haukai kwenye kona uliposemwa. Kufikia jioni Mususa nzima ilijua Asistanti ana dada Beni. Watu walimuuliza hali yake. Asingeweza kusema hana, maana Idi na lori walipita pale kila juma. Basi alianza kumtumia dada salamu, kisha viazi, kisha kuja mwenyewe Beni siku ya Idi el-Fitri, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, akakaa kwenye mkeka wetu akala pilau kwa mkono kwa ustadi uliomshangaza baba. Baba alipougua alikuja. Baba alipofariki alikuja, na alilia kwa sauti ile ile.

Mama ndiye aliyechukua muda. Siku ya kwanza tulipomsimulia alikasirika kuliko nilivyotarajia. "Ananizikia mutoto sikuzala," alisema, akajifungia chumbani. Lakini majirani wa Kinande walikuwa wamekwisha kusikia, wakaja na kuni na unga kumpa pole ya zamani. Mama akapokea. Angefanya nini? Mwaka uliofuata nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja kisimani kwamba Paluku wake angekuwa ameshaoa. Alisema hivyo bila kutazama pembeni, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeigiza. Asistanti aliwahi kutufundisha kwamba jambo watu wakilishika kuwa kweli, linaanza kuzaa matunda ya kweli. Nilikuwa nimelikariri kwa mtihani.

Mara ya mwisho nilipomwona ni mwaka huu, siku ya kupeleka mahari ya Idi. Baba hayupo, na mama alisema hakuna wa kutuongoza isipokuwa mjomba. Barabara ya Butembo ilikuwa mbaya wiki hiyo. Magari yalisafiri kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Tulikaa tumevaa, magari yanatusubiri nje, wazee wa upande wetu wanatazama saa, na mama anajifanya hana wasiwasi. Alasiri nilisikia pikipiki. Nilitoka nikamkuta nje ya ua, koti lile lile, amezeeka ghafla, vumbi hadi kwenye kope. Hakuingia. Aliniita kando ya ukuta.

"Kuna kitu sikukuambia."

"Asistanti, batu banangoja."

"Njo maana. Ujue mbele ya mimi kuingia." Alivua miwani, hakuifuta. "Ule kijana wa mbele ya Idi. Ule wa juma ile ingine, pale kwa gereji."

Nikasema namkumbuka.

"Nilipita pale. Baliniita, baliniuliza ile ile: Asistanti, huyu unamujua? Nilimuangalia vizuri. Naye aliniangalia. Nikasema hapana, simujui. Ilikuwa kweli. Nikaendelea na njia yangu, nilikuwa na mukate mukononi. Nilifika kwa kona, nikasikia."

"Hawakukuambia watamuua," nilisema.

"Hapana. Baliniuliza tu. Na mimi nilijibu vizuri."

Niseme ukweli, nilimchukia. Nilimchukia kwa kuchagua siku ile, kwa kunikabidhi maiti ya mtu nikiwa nimevaa nguo za harusi. Kisha nikafikiri kwamba kama angesema uongo wiki ile, pengine asingekuwa nao tayari mdomoni kwa ajili ya Idi. Mahali fulani kulikuwa na mama mwingine, na hakuna mtu aliyemletea viazi.

"Nimetafuta jina yake miaka yote," alisema. "Hakuna mutu anajua. Sasa weye njo utasema. Niingie, ao nirudi Butembo? Siwezi kusimama tena kama mujomba, na weye hujui."

Kutoka ndani mama aliita, "Kaka yangu amefika?"

Nilitazama uso wake. Nilikuwa mwanafunzi wake, nilijua kutazama. "Amefika, Mama," nikajibu, nikafungua geti.

Walisimama wote alipoingia. Mama alimpangusa vumbi mabegani kama anavyompangusa Idi. Wazee wakasema tumechelewa, twende. Asistanti akainua mkono. Alisema kwamba yeye ni mjomba, na kabla ya kuondoka kuna neno la mjomba.

"Huyu tunamusindikiza ni Kambale," alisema. "Kambale hapana kuoa bila kumukumbuka kwanza mukubwa yake. Tumuombee Paluku. Ninyi mufanye ile yenu, mimi nitafanya yangu."

Wazee wa Kinande waliokuwepo waliinamisha vichwa. Idi alinitazama kwa mshangao, kisha naye akainama. Sheikh wa mtaani akaanza kusoma, na Asistanti alisimama katikati ya sebule yetu akitokwa na machozi, midomo inatembea. Mama alilia pia, kwa sababu zake; mimi peke yangu nilijua Paluku huyo alikuwa kijana wa gereji. Dua ilipofika mwisho niliitikia amina pamoja na wengine, kwa sauti, kisha tukatoka kwenda kwenye magari.